Unajua kabisa ni muvi, unajua kabisa linakuja, na bado unaruka. Inakuwaje hii?

Chaukucha:
Wakuu habari za humu ndani.

Naenda moja kwa moja. Nilikuwa naangalia muvi ya kutisha na mama watoto pamoja na shemeji, na hiyo muvi mimi nilishaiona, yaani najua kabisa pale kwenye korido yule bibi anatokea upande wa kushoto, na kwa ujuaji wangu nikawatangazia kabisa "kaeni tayari, anatokea kushoto". Akatokea kushoto. Aliyeruka nikawa mimi. Bakuli la bisi chini, moyo unadunda hadi kwenye masikio, vidole vya baridi, na muvi imeisha zamani nimeambiwa nikazime taa ya uani najikuta natafuta sababu.

Sasa swali, kama akili inajua ni maigizo na inajua hadi upande linapotokea, mwili huwa unapokea amri kutoka kwa nani? Na la pili, shemeji anasisitiza hii mishtuko inaua, eti mtaani kwao kuna jamaa alifia kwenye banda la video. Wenye nondo washushe.

Pwaguzi Mdogo:
Hakuna cha amri wala nini, uoga tu huo. Mwanaume mzima unaogopa taa ya uani halafu unakuja kutangaza.

Mama Nasra:
Nimecheka kwa sauti nipo kwenye daladala watu wananiangalia. Kaka Chaukucha pole, mimi ile sehemu ikikaribia naangalia kupitia matundu ya vidole na bado naruka. Ngoja waje wataalamu.

Tabibu wa Kata:
Nimekuja. Msimcheke jamaa maana alichofanya ndicho mnachofanya wote, nyie wengine mnakaa tu siti za nyuma gizani hamuonekani.

Kuruka kwenyewe hakupiti kwenye ile akili inayojua mambo. Mlio mkali wa ghafla ukiingia sikioni unafika kwenye shina la ubongo, kule chini panapoungana na uti wa mgongo, na kuna kikundi cha seli pale zinatuma amri moja kwa moja kwenye misuli bila kuuliza mtu. Kope zinafumba ndani ya milisekunde kama 30 hadi 50 hivi, na sekunde moja ina milisekunde 1000, pigeni hesabu wenyewe. Baada ya kope shingo inaingia ndani, mabega yanapanda, viwiko vinakunjwa, tumbo linakaza, magoti yanakunja. Liangalieni hilo pozi vizuri, ni mtu anayelinda macho, koo na tumbo. Ubongo wa juu unapofika na taarifa yake kwamba ahaa kumbe ni yule bibi wa korido, wewe ushamaliza kuruka na bisi zipo sakafuni.

Hilo la kwanza. La pili linakuja taratibu kidogo, tezi zilizokaa juu ya figo zinamwaga adrenalini, moyo unakwenda mbio, mboni za macho zinatanuka, damu inaikimbia ngozi inaenda kwenye misuli mikubwa, ndiyo hivyo vidole vya baridi. Na hiyo haiishi palepale. Akili ishajua ni muvi ila damu bado imechafuka, na mtu anakutuma uani katika hali hiyo.

Ndumilakuwili:
Nakazia alichosema Tabibu ila kasahau mhusika mkuu. Ni amigdala ndiyo inayoruka, vijinundu viwili vya saizi ya lozi ndani ya ubongo kila upande kimoja. Joseph LeDoux, mtafiti wa ubongo, kaandika sana kuhusu hili, kwamba taarifa ya hatari inapita njia mbili, ya mkato inayoenda amigdala haraka bila ufafanuzi, na ya mzunguko inayopita kwanza gamba la ubongo inachambuliwa. Ya mkato inafika kwanza ndiyo unaruka.

Tabibu wa Kata:
Ndumilakuwili hapo umechanganya mafaili mawili. LeDoux yuko sahihi kuhusu njia mbili za hofu, ila mruko wenyewe wa mlio ni wa shina la ubongo, hata bila amigdala utaruka. Amigdala kazi yake hapo ni ya fundi mitambo aliyeshika kitufe cha sauti, ukiwa tayari una wasiwasi anapandisha na mruko unakuwa mkubwa, ukiwa umetulia anashusha.

Kuna mama mmoja wa Marekani, kwenye maandiko ya madaktari anajulikana kwa herufi S.M. tu, ugonjwa adimu ulimharibia amigdala zote mbili. Watafiti walimpeleka duka linalouza nyoka akawa anataka kuwashika, wakamwonyesha vipande vya muvi za kutisha akasema zinavutia, wakampeleka kwenye jumba la kutishia watu lililokuwa hospitali ya kifua kikuu zamani kule Kentucky, yeye akatangulia mbele na kuna zimwi mmoja kamtokea akamgusa kichwani kwa kutaka kujua lilivyo, aliyeogopa akawa zimwi. Halafu mwaka 2013 ikatoka ripoti kwamba walimvutisha hewa yenye kabonidayoksaidi nyingi, akapatwa na hofu kali ya kutaka kufa. Kwa hiyo hata hofu siyo mlango mmoja.

Pwaguzi Mdogo:
Zimwi limeogopa hahahaha. Huyo mama ndiye mwanaume, Chaukucha jifunze.

Fundi Saundi:
Ndugu zangu mnazunguka mbali sana, tatizo ni sauti. Nimefanya kazi ya kuchanganya sauti za video miaka mingi na nawaambia picha pale ni kisingizio tu.

Fanyeni jaribio dogo. Chukua hiyo muvi ya bibi wa korido, zima sauti kabisa, angalia. Utamwona bibi ametokea na poda usoni na wala hutatikisika. Halafu fumba macho washa sauti. Utaruka na hujaona kitu. Siri siyo ukubwa wa sauti peke yake, ni inavyopanda. Sauti ileile ukiipandisha polepole kwa sekunde kadhaa mtu ataudhika tu atatafuta rimoti, ila ikitoka chini kabisa hadi juu kwa mara moja hakuna kidume. Kwenye maabara wanatumia mlio wa milisekunde 50 tu, desibeli kama 100, hauna bibi hauna korido, na watu wanaruka.

Halafu kuna kitu wasiojua kazi wanakosea. Ukiweka kisauti kidogo sehemu ya kumi ya sekunde kabla ya mlio mkubwa, mruko unapungua, mwili unakuwa kama umeguswa bega kwanza. Kwa hiyo ile wanakata kila kitu, muziki umekatwa, panya wamenyamaza, hata pumzi ya muigizaji wameitoa, siyo mbwembwe. Wanakusafishia njia.

Kobe Mkongwe:
Fundi heshima yako, ila na mimi nina la kwangu hapa na litamgusa Pwaguzi pia.

Charles Darwin, huyuhuyu wa mambo ya mageuzi, alikwenda bustani ya wanyama ya London akaweka uso wake kwenye kioo kinene cha kifutu, nyoka wetu kabisa wa Afrika, akiwa ameapa moyoni kwamba huyu nyoka akirusha kichwa sitarudi nyuma. Nyoka akarusha. Darwin akaruka nyuma yadi moja au mbili. Kaandika mwenyewe mwaka 1872 kwenye kitabu chake cha hisia za binadamu na wanyama, kwamba nia yake na akili yake havikufua dafu mbele ya hatari ambayo hajawahi kuumwa nayo hata siku moja. Sasa Pwaguzi, mwambie na Darwin aache uoga.

Na Fundi, hapo hakukuwa na muziki uliokatwa. Ni jicho. Kitu kinachokuja usoni kwa kasi kinakua ghafla, na mwili unakwepa.

Fundi Saundi:
Kobe, nyoka akigonga kioo kinalia. Endelea.

Kobe Mkongwe:
Kioo kinene mzee. Endelea wewe.

Roysa_254:
Sasa nyinyi mmeweka uzi na hamjataja mabanda. Huku Nairobi tumekulia muvi za DJ Afro, na mse akikutafsiria horo hauwezi shtuka hata kidogo, juu anakuambia "sasa huyu mama hajui kwamba nyuma ya mlango kuna kifo kimevaa koti", watu wanacheka, hiyo kitu ikitokea bado mnacheka. So theory yangu ni hii, kinachoshtua ni kutojua. Ukielezewa kinaisha nguvu.

Chaukucha:
Roysa soma tena posti ya kwanza ndugu yangu. Nilijua hadi upande.

Roysa_254:
Wewe ulijiambia peke yako buda, haukuwa na DJ. Kicheko ndio dawa si habari.

Bint Wete:
Assalam alaykum. Mwasema sauti, mwasema macho, mie nasema mwaka 1995 nilikuwa mtoto Pemba wakati wa Popobawa, lile zimwi lililosemwa lawavamia watu usiku, na hapakuwa na muvi wala spika. Watu wakilala nje kwa makundi, taa zawaka, wanaume wakesha. Jioni hiyo paka akaruka juu ya bati, paka tu wa jirani twamjua kwa jina, nyumba nzima ikapiga kelele moja na mjomba wangu mtu mzima mwenye ndevu zake akaanguka na kiti. Bati hilohilo paka huyohuyo kila siku alikuwa akiruka na hakuna aliyegeuza shingo.

Basi mshtuko si mlio. Mshtuko ni yale mliyokwisha kukaa nayo kifuani kabla ya mlio.

Tabibu wa Kata:
Dada Bint Wete umeniwahi na umesema vizuri kuliko vitabu. Hilo limepimwa. Mtu akionyeshwa picha mbaya halafu ukampigia mlio, kope zinafumba kwa nguvu zaidi kuliko akiwa anaangalia picha ya kupendeza, na mlio ni uleule. Giza nalo hivyohivyo, binadamu gizani mruko unapanda. Kinachofurahisha ni kwamba panya kwao ni kinyume, mruko unapanda wakiwekwa kwenye mwanga mkali, kwa sababu panya maisha yake ni ya usiku na mwangani ndiko anakoliwa. Kwa hiyo muvi dakika ishirini nzima haitokei kitu, ni korido na pazia na mlango unaolia, ile siyo kupoteza muda, wanapandisha kitufe. Na mwili unaposubiri kitu kibaya moyo kwanza hupunguza mwendo, unakuwa umeganda unasikiliza. Ndipo wanakupiga.

Bwana Nyota:
Hamuwezi kuelewa kwa sababu mnaondoa roho kwenye hesabu. Wazee walikataza kumshtua mtu hasa magharibi, mtu akishtuka roho inachomoka kidogo inaacha nafasi, na vilivyo karibu vinaingia. Kwa nini baada ya kushtuka mtu anaota vibaya, analala taa inawaka, anakabwa na jinamizi? Adrenalini gani hiyo inakaa hadi saa tisa za usiku? Hizo muvi zenyewe wanaozitengeneza wanajua wanachokifanya.

Ndumilakuwili:
Bwana Nyota jinamizi lina maelezo yake, unaamka akili ikiwa macho lakini misuli bado imefungwa kama inavyofungwa wakati wa ndoto, unaona mtu kifuani na huwezi kusogea. Hata hao waliochunguza Popobawa wapo waliosema ni hilo.

Bint Wete:
Waliosema ni hilo hawakulala Pemba.

Bwana Nyota:
Nimekunywa maji kwa jibu hilo.

Mama Nasra:
Kwenye la wazee mimi nipo nusu nusu. Bibi yangu mtu akishtuka alikuwa anampa maji anywe mafunda madogo madogo na kumpiga mgongoni polepole, na unatulia kweli. Na watoto wachanga je, Tabibu? Nasra alivyokuwa mdogo ukifunga mlango kwa nguvu anatupa mikono yote kama anataka kushika hewa halafu ndiyo analia.

Tabibu wa Kata:
Hiyo ni tofauti kidogo na yetu, madaktari wanaiita refleksi ya Moro, mtoto anafungua mikono halafu anaikusanya, wanasema ni ya kumkamata mama. Inaondoka yenyewe kwenye miezi minne hadi sita hivi. Mkubwa hafungui, anajikunja. Na maji ya bibi yanafanya kazi, kumeza polepole kunakulazimisha upumue polepole na moyo nao unafuata. Bwana Nyota anaruhusiwa kuwa na maelezo mengine.

Mzee wa Sinema:
Niongeze historia kidogo maana vijana mnadhani hii imeanza na simu janja. Aliyewafundisha watu kuogopa kwenye muvi ni muongozaji Hitchcock, mwaka 1960, kwenye Psycho, kile kisu cha bafuni na zile fidla.

Kobe Mkongwe:
Mzee wa Sinema kwa kuogopa sawa, ila kwa hii ya kushtukiza kuna mtu kamtangulia. Cat People, 1942, mtayarishaji Val Lewton na muongozaji Jacques Tourneur. Dada anatembea peke yake usiku, anahisi anafuatwa, viatu vinasikika halafu havisikiki, kimya, anageuka, na ghafla mlio mkali wa pembeni. Kilicholia ni basi limefika kituoni, breki zake. Basi! Mpaka leo watu wa sinema wakimuweka paka au mlango badala ya zimwi wanaiita basi la Lewton.

Fundi Saundi:
Mmeona? Basi. Sauti ya breki. 1942. Nipeni maua yangu.

Kobe Mkongwe:
Na ilifanya kazi kwa sababu ya kimya na viatu, dakika nzima ya viatu. Maua mpe Bint Wete.

Mzee wa Sinema:
Kumbe humu kuna watu. Ila niseme la moyoni, siku hizi wameigeuza kuwa ulevi, kila dakika tano mlango pwaa! Huko siyo kutisha, mtoto wa darasa la pili akijificha nyuma ya pazia naye anaweza. Ile ya kukufanya uogope kitanda chako mwenyewe wiki nzima na hakuna hata mlio mmoja, hiyo ndiyo kazi.

Gari Bovu:
Mimi naomba kuuliza kitu kingine. Nimesoma Waholanzi wamethibitisha muvi ya kutisha inagandisha damu, yaani damu inageuka mabonge. Sasa kama ni hivyo si shemeji wa mtoa mada yuko sahihi?

Tabibu wa Kata:
Hapana Gari Bovu, umekula kichwa cha habari ukaacha mwili. Ni utafiti wa Leiden, Uholanzi, 2015, na ripoti ilitoka kwenye toleo la Krismasi la jarida la madaktari wa Uingereza, toleo ambalo huwa wanaweka na masihara lakini vipimo ni vya kweli. Vijana 24 wazima, waliangalia filamu ya kutisha na filamu ya elimu kuhusu mvinyo wa Champagne. Kitu kimoja kinachosaidia damu kuganda, fakta ya 8, kilipanda kwa asilimia 57 ya watu kwenye ile ya kutisha, na kwenye ya mvinyo kwa asilimia 14. Ila mabonge yenyewe hayakutokea. Inaeleweka ukifikiria, mwili unadhani unakaribia kujeruhiwa basi unaandaa vya kuzibia kidonda.

Kuhusu kufa, kijana mzima asiye na tatizo asilale macho kwa hilo. Wanaotakiwa kujiangalia wapo. Kuna watu wachache wamezaliwa na hitilafu ya umeme wa moyo, ile ya QT ndefu, na kuna aina yake ambayo mlio wa ghafla tu, saa ya kuamsha, simu, unaweza kuvuruga mapigo. Kuna na tatizo madaktari wa Japani walilieleza mwaka 1990, moyo unavimba upande mmoja na kushindwa kusukuma baada ya mshtuko mkubwa wa hisia, linawapata zaidi kina mama waliokwisha kukoma hedhi, wengi wanapona. Mtu wa ukoo ambao vijana wanaanguka na kufa bila maelezo, au mwenyewe huwa anazimia akishtuka, akapime moyo kwanza, muvi baadaye.

Pwaguzi Mdogo:
Sasa aliyefia bandani kwa shemeji tumuweke fungu gani?

Chaukucha:
Nimemuuliza tena shemeji. Sasa anasema hakufa, alizimia. Halafu akasema siyo bandani, ilikuwa harusini.

Pwaguzi Mdogo:
Chai. Leteni na maandazi.

Kijana wa Mbagala:
Mimi nitaongea kidogo na nisingependa mzaha hapa. Nilikuwepo Mbagala tarehe 29 Aprili 2009 mabomu ya kambini yalipolipuka. Sitaeleza ya siku hiyo. Ila tangu hapo bati likianguka, tairi likipasuka, mtoto akipasua puto, mimi sirukii pale nilipo, nakuwa nimeshakimbia na najikuta mtaa wa pili natetemeka. Gongo la Mboto ilipolipuka Februari 2011 nikarudi mwanzo kabisa. Hizo muvi wanangu wakiziwasha natoka nje. Watu wanasema nimekuwa mwoga na zamani nilikuwa mtu wa kwanza kulipa kiingilio bandani. Kwa hiyo kwa wenzangu mnaosema ni burudani sawa, ila kuna watu hicho kitufe alichosema Tabibu kilipandishwa siku moja na hakijashuka.

Mama Nasra:
Pole sana kaka.

Tabibu wa Kata:
Pole mkuu, na asante kwa kuandika. Kuruka kupita kiasi ni moja ya dalili zinazojulikana za mtu aliyepitia jambo zito, haina uhusiano na uoga, na kuna msaada wa kuzungumza na wataalamu unaosaidia hata baada ya miaka mingi. Hospitali za mikoa nyingi zina kitengo cha afya ya akili. Ukitaka tuongee pembeni nipo.

Pwaguzi Mdogo:
Pole mkuu. Utani wangu ulikuwa wa Chaukucha tu.

Ndumilakuwili:
Turudi. Swali ambalo hakuna aliyegusa, kama mwili unateseka hivi, watu wanalipia nini?

Roysa_254:
Adrenalini tamu. Simpo.

Ndumilakuwili:
Ingekuwa hivyo watu wangelipia kufukuzwa na mbwa. Mtafiti Dolf Zillmann alikuwa na maelezo yake, kwamba ule msisimko wa hofu haufi ukishagundua uko salama, unabaki mwilini, na nafuu inayofuata inaupanda mgongoni, kwa hiyo furaha ya kunusurika inakuwa kubwa kuliko furaha ya kawaida. Mwanasaikolojia Paul Rozin yeye anasema ni raha ya kujua mwili umedanganywa na akili imeshinda, ndiyo maana watu wanapenda na pilipili kali hadi machozi. Na wapo walioangalia mashabiki wa muvi za kutisha wakati wa Korona wakakuta walihangaika kidogo kisaikolojia kuliko wengine, hao wanaona ni mazoezi, unajifunza kuishi na hofu yako ukiwa kwenye kochi.

Mzee wa Sinema:
Au wasiohangaika ndio wanaopenda hizo muvi toka mwanzo. Nani kaanza?

Ndumilakuwili:
Swali zuri mzee, na hawajalimaliza.

Huyohuyo Zillmann na wenzake mwaka 1986 walikaa wakapima wavulana na wasichana wakiangalia muvi ya kutisha wawili wawili. Mvulana alifurahia zaidi akikaa na msichana anayeonyesha kuogopa. Msichana alifurahia zaidi akikaa na mvulana asiyetetereka.

Pwaguzi Mdogo:
Chaukucha umesoma hapo? Mama watoto hakufurahia ile muvi.

Chaukucha:
Nimesoma. Uzi ufungwe.

Msomi wa Mtandaoni:
Msifunge kwanza, mmesahau sauti zisizosikika. Mhandisi mmoja wa Coventry, Vic Tandy, alikuwa anafanya kazi kwenye maabara watu wanasema ina mzuka, akawa anahisi baridi na kuona kivuli cha kijivu pembeni ya jicho. Akaja kugundua upanga wake mwembamba wa mchezo unatikisika wenyewe kwenye jiriwa. Ilikuwa feni, inatoa mtetemo wa hezi 19 hivi, yaani mitikisiko 19 kwa sekunde, chini ya uwezo wa sikio. Wakairekebisha, mzuka ukaondoka. Aliandika mwaka 1998. Muvi zinaweka hizo sauti ndiyo maana unaogopa bila sababu.

Fundi Saundi:
Msomi stori ya feni nzuri, ila spika za tivii yako ya ukutani haziwezi kushuka hezi 19 hata uziombee dua. Zikikupa hezi 80 mshukuru Mungu. Labda kwenye jumba la sinema lenye mabufa ya kuhamisha ukuta. Chaukucha aliruka sebuleni.

Msomi wa Mtandaoni:
Feni ya sebuleni kwake umeipima?

Sauti ya Banda:
Wakuu nimekuwa nasoma kimya ila Roysa kanigusa. Mimi nilikuwa mtafsiri mabandani enzi zile, siyo wa jina kubwa kama Lufufu, ila mtaani walinijua. Siyo kweli kwamba kutafsiri kunaua mshtuko. Kunaua kwa mtafsiri asiyejua kazi. Sisi tulikuwa tunaongea mfululizo, huyu kaingia, huyu anamtafuta mkewe, mara nakata. Nanyamaza. Banda lote linaanza kuangaliana kwamba huyu kanyamaza kwa nini. Halafu linapotokea napiga kelele mimi mwenyewe kwenye maiki kabla ya muvi. Watu walikuwa wanatoka na mabenchi.

Na cha ajabu ni kwamba hao waliokaa mbele waliishaiona jana yake. Walirudi kuangalia wenzao wanavyoruka, na wakaruka nao.

Fundi Saundi:
Kimya halafu maiki. Sina la kuongeza.

Bint Wete:
Waliruka kwa sababu walikuwa wengi. Khofu ya kundi si ya mtu mmoja, mie nishasema.

Tabibu wa Kata:
Kuhusu waliokwisha kuiona, mwili unazoea ukirudiwarudiwa, ila kope ni sugu. Watafiti Landis na Hunt walitoa kitabu mwaka 1939, waliwapiga watu picha kwa kamera ya kasi huku bastola ikilia, mabega na magoti yanapungua kadiri mlio unavyorudiwa, kufumba kope ndiko kunakobaki hadi mwisho. Kwa hiyo wale wanaosema mimi sishtuki, mwambie mtu akuangalie macho.

Gari Bovu:
Sasa kama ni sauti, viziwi wanaonaje hizi muvi?

Tabibu wa Kata:
Mruko unaweza kuletwa na mguso wa ghafla pia, hewa ikipulizwa usoni, hata mwanga mkali unafumbisha kope. Ila wa sauti ndio mkubwa.

Mama Nasra:
Hapa na mimi nina ushahidi. Tuna jirani hasikii kabisa toka utotoni na anazipenda hizi muvi kuliko wote, anakuja kwetu Jumamosi, na anaruka kweli, yaani anaruka anatangulia na sisi ndiyo tunafuata.

Kobe Mkongwe:
Asante Mama Nasra. Jicho. Kesi imeisha.

Fundi Saundi:
Subiri Kobe. Mama Nasra, huwa anakaa wapi hapo sebuleni?

Mama Nasra:
Chini, kwenye zulia. Anaegemea bufa.

Fundi Saundi:
ANAEGEMEA BUFA.

Kobe Mkongwe:
Na anaangalia wapi? Ukutani? Mwondoeni kwenye bufa Jumamosi hii tuone.

Mama Nasra:
Kumwondoa siwezi, nimemzoea pale na mume wangu anasema angalau kuna mtu anailinda watoto wasiichokonoe.